Mwaka Gari la Mzee Kariithi Liliponyamaza

Nduta alinipigia simu nikiwa nimelala chini ya mashine ya kukoboa mpunga, huku Mwea, uso mzima umejaa pumba. Hakunisalimu. Alisema baba yake amefariki, na familia imekubaliana kwamba lile gari lake ndilo litakalotangulia mbele ya jeneza kutoka mochari hadi nyumbani. Shida ni kwamba halikuwa limewashwa kwa miaka. Mafundi wawili wa Nyeri walikuwa wamelijaribu wakashindwa, na mmoja wao alisema hajawahi kuona nyaya zilizofungwa kwa chuki namna ile. Nikamwambia fundi huyo ana macho mazuri. Nilikuwa na jibu lingine tayari mdomoni, kwamba mtu ambaye akiwa hai nisingemwashia hata kiberiti, siwezi kufunga safari kwenda kumwashia gari akiwa maiti. Nduta ananijua. Aliniwahi, akasema, "Usikuje juu yake. Kuja juu ya mum." Nikatoka chini ya mashine nikaanza kutafuta spana zangu.

Nilifika kwao Ruring'u, pembeni mwa mji wa Nyeri, jioni, nikaketi nyuma kabisa kwenye mkutano wa mazishi, mahali ambapo mtu anaweza kukunja uso bila kuulizwa. Wazee walisimama mmoja mmoja. Walimsifu Kariithi mfanyabiashara wa mbao, Kariithi aliyetoa mabati ya kanisa, Kariithi na gari lake la Kimarekani lililosikika likitoka mjini hata kabla halijafika stadium. Hapo wote walicheka, na wengine wakauiga ule mngurumo kwa koo zao. Tata Wanjiku, mama yake Nduta, ambaye sasa ni mjane, alikuwa ameketi mbele na shali mabegani, na hakucheka. Mimi nilikaa katika nyumba ile mwaka mmoja tu, ule uliotangulia mvua za El Niño, nikiwa nimetoka politekniki na cheti cha umeme wa magari. Tata ni mdogo wa mama yangu, na alinipa kitanda kwa sababu mjini ndiko kulikokuwa na gereji. Mengine ya ukoo wetu nayaacha, hayana kazi hapa.

Nyumba ilikuwa ya mbao, mbao nzuri alizozichagua Mzee mwenyewe, na haikuwa na dari, kwa hivyo kila neno lililosemwa sebuleni lilipita juu ya ukuta na kunifikia kitandani. Sebuleni kulikuwa na kiti chake ambacho hakuna aliyethubutu kukikalia, hata paka. Chakula kilipakuliwa kwa kufuata hasira zake: yeye kwanza, na nyama yote, kisha sisi, mukimo na kabichi, katika jiko la nje lililojaa moshi, ambako angalau mtu aliweza kutafuna bila kutazamwa. Akikuta chai imepoa aliimwaga sakafuni, polepole, huku akimtazama tata, halafu akaomba nyingine. Mwaka ule sikumwona akimpiga mtu. Hakuhitaji. Alikuwa na sauti ya chini na uso wa mtu anayengoja ukosee, na nyumba nzima ilitembea kwa ncha za vidole. Nilimchukia kuanzia wiki ya kwanza. Nalisema mapema ili msomaji asikae akingoja nibadilike.

Mimi na Nduta, ambaye alikuwa bado mtoto wa shule ya msingi, tulilala chumba cha nyuma pamoja na magunia ya viazi, na nyuma ya magunia hayo ndipo tata alipoficha mashine yake ya kufuma sweta. Aliinunua kwa mwalimu mmoja aliyehamishwa. Mzee alipoigundua mara ya kwanza, kabla mimi sijafika, alisema mke wa Kariithi hatafumia watu sweta kana kwamba Kariithi ameshindwa kumlisha. Akamwamuru aiuze, na akaapa kwamba siku atakapoikuta tena chini ya paa lake ataivunja mbele ya macho yake. Tata akamwambia ameiuza Karatina. Ilikuwa kitu pekee katika boma lile ambacho Mzee hakuwa amekinunua yeye. Kila mchana, Mzee akiwa kwenye duka lake la mbao, tata aliitoa, akaiweka mezani karibu na dirisha, akasukuma kile chuma chake kushoto na kulia, chwa, chwa, chwa, na sweta za wanafunzi zikawa zinateremka kidogo kidogo kuelekea sakafuni. Alikuwa akiimba. Ungemwona mwanamke yule saa nane mchana, kisha ukamwona jioni, ungesema ni watu wawili.

Kilichotulinda ni sauti ya gari. Lilikuwa la milango miwili, boneti ndefu kama kitanda, usukani upande wa kushoto, na Mzee alilinunua kwa mkulima mmoja mzungu aliyekuwa akifunga shamba lake la ngano huko Kieni. Injini yake ya V8 ilikuwa na mngurumo uliotikisa vikombe. Likipita stadium tu, Nduta, popote alipokuwa akicheza, aliacha mchezo, na kazi ikaanza bila mtu kutoa amri. Mimi na tata tuliinua mashine, mmoja huku na mwingine kule, tukairudisha nyuma ya viazi na kuifunika gunia. Nduta alisukuma uzi chini ya kitanda kwa mguu, kisha akapiga magoti kuokota nyuzi zilizoanguka. Tata alikimbilia jikoni, akakata kitunguu, akajipaka mikononi ili anuke upishi. Mzee alipozima gari langoni, mke wake alikuwa amesimama mlangoni akijifuta machozi ya kitunguu, na mtoto ameshika daftari. Hata mama wa kioski cha jirani alikuwa na mazoezi yake ya kuficha uzi aliokuwa akimuuzia tata, kwa sababu Mzee alikuwa na tabia ya kuuliza ni nani amekuwa akinunua nini. Nilikuwa nikiona aibu kwamba tunaishi hivyo, na wakati huo huo nilijivunia wepesi wetu.

Ile V8 ilikufa mwaka huo, mwezi wa pili, kwenye mlima wa kutoka mtoni Chania. Vipuri vyake havikupatikana popote, na hata ikiwa nzima ilikuwa inakunywa petroli kwa namna iliyowachekesha watu wa kituo cha mafuta. Nilisikia mashauri yote kutoka kitandani, juu ya ukuta. Marafiki wa Mzee walimwambia auze chuma hicho kwa wanunuzi wa skrapu. Yeye akasema hatauza. Akasema siku hizi kuna injini za Kijapani zilizotumika, zinashushwa Mombasa zikitoka Dubai, za silinda sita, ndogo, zenye nguvu, zinazopimiwa petroli na kompyuta badala ya kabureta. Angenunua mojawapo aiingize. Mmoja akamuuliza ni nani hapa Nyeri anayejua nyaya za kompyuta. Nikasikia sauti yake ya chini ikisema, "Si kuna huyo msichana anakula chakula yangu huko nyuma." Hivyo ndivyo nilivyopewa kazi yangu ya kwanza.

Gereji ilikuwa kiwanja cha wazi cha fundi aitwaye Gichuki, mtu mwenye mdomo mchafu na mikono safi, aliyemchukia Mzee kwa sababu Mzee alimwita "kijana" ilhali walikuwa rika moja. Mimi aliniita Madam Umeme, na kwa wiki nzima alinipa kazi ya kushika tochi tu. Tuliitoa V8 kwa mnyororo uliofungwa kwenye magogo matatu, ikaning'inia pale ikidondosha oili nyeusi, na watu wakaja kuitazama kama wanavyokuja kutazama ng'ombe aliyekufa. Injini ya Kijapani ilipokaa mahali pake ilionekana kama mtoto ndani ya koti la babake. Hakuna kilicholingana. Gichuki alikata miguu ya kuishikilia akachomelea mipya, akakata sampu, lile bakuli la oili, kwa sababu iligonga chuma cha mbele, akafupisha propela ya kuzungusha magurudumu ya nyuma, akaitukana mara moja kwa kila skrubu. Mimi nilipewa furushi la nyaya lililokatwa ovyo na mtu wa Dubai kwa kisu, rangi zote, bila mchoro, na kisanduku cha kompyuta cha ukubwa wa Biblia. Nililala na kuamka nikiota nyaya. Wakati ule mafundi wengi walitupa kisanduku hicho na kurudisha kabureta. Mimi nilikataa, nikagombana na Gichuki hadi akanirushia kitambaa chenye grisi usoni, nikamrudishia.

Siku ilipowaka, Gichuki aliuliza kama imezima. Alilazimika kuweka kiganja juu ya injini ili ajue inazunguka. Nilisikia kuku wa jirani. Kwa mafundi hakuna sifa kubwa kuliko hiyo: injini inayolala, isiyotetemeka, ambayo unaweza kusimamisha sarafu juu yake isianguke. Tulisimamisha sarafu. Gichuki akanitazama, akaacha kuniita Madam Umeme, akaniita Muthoni kwa mara ya kwanza, na mimi nikafurahi mpaka nikaona aibu. Leo nikifikiri ni kitu gani tulichokuwa tumefanya, nashangaa kwamba sisi sote, mimi, tata, hata Nduta mwenye masikio ya panya, tulikuwa tumezungumza juu ya injini ile jikoni kwa miezi, na hakuna aliyeuliza itakuwa na sauti gani. Miezi yote hiyo Mzee alikuwa akipanda matatu ya jioni na kuteremka stadium, saa ile ile kila siku, na tulikuwa tumezoea. Watu wa siku hizi wataniambia ningejua. Basi waje wakae katika nyumba ile.

Tulilijaribu kwenye barabara ya Nanyuki, Mzee kwenye usukani, Gichuki kando yake, mimi nyuma na kisanduku changu cha spana mapajani. Lilipanda kutoka Kiganjo bila kulalamika, upepo mwembamba wa kule juu haukulisumbua, na mlima ulikuwa wazi siku hiyo, theluji yote nje. Mzee hakuusifu mlima wala kazi yetu. Tulifika Chaka tukasimama kwenye bucha ya nyama choma, akaagiza mbavu, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho niliyokula nyama ya mtu yule. Alikuwa na furaha. Sikuwahi kumwona na furaha na sikujua kwamba angekuwa mbaya zaidi akiwa nayo.

"Mnajua nini nilikuwa nachukia kwa ile injini ya kwanza?" akatuuliza. Gichuki akasema petroli. Mzee akatikisa kichwa. "Ilikuwa inanitangaza. Kwa duka, nikifika napata vijana wote wameshika mbao. Kwa nyumba, napata kila mtu ameshika ufagio. Nyumba ya mtu haiwezi kuwa safi hivyo kila siku." Akang'oa nyama kwenye mfupa, akaitafuna hadi ikaisha. "Leo nataka kuingia kwangu kama mgeni."

Nilitazama jua. Ilikuwa mchana, na tata alikuwa kwenye mashine. Alikuwa na sweta za shule moja ya Mathari za kumaliza, maruni, na alikuwa ameniambia asubuhi kwamba angefuma moja kwa moja hadi jioni kwa sababu Mzee yuko safarini. Hapakuwa na simu za mkononi wakati huo, si kwa watu kama sisi. Nilisema twende Nanyuki basi, tujaribu gari kwenye tambarare, tulione mwendo wake. Mzee akasema ametosheka na mwendo. Tulipofika Kiganjo nikamwambia nasikia harufu ya waya unaoungua, tusimame niangalie. Akavuta hewa kwa pua, akasema yeye hasikii kitu. Nikamwambia nataka kutapika. "Tapikia kwa dirisha," akasema, na Gichuki akacheka, kwa sababu yeye hakujua lolote na aliona ni mzaha mzuri. Lile gari lilikuwa likiteleza tu. Nilisikia saa ya Mzee ikigonga kwenye mkono wake. Nilisikia pumzi yangu mwenyewe. Tulipopita stadium nikajitupa mbele katikati ya viti viwili na kubonyeza honi kwa kiganja chote. Haikulia. Waya wake nilikuwa bado sijauunganisha, nilikuwa nimeuacha kuwa kazi ya kesho. Mzee aliushika mkono wangu, akaurudisha nyuma polepole, na katika kioo nikaona kwamba ameelewa.

Nduta alikuwa langoni akiruka kamba, mgongo wake kwetu. Aligeuka wakati boneti ilikuwa karibu kumgusa. Kamba ikamtoka mikononi. Kutoka chumba cha nyuma tulisikia mashine, chwa, chwa, chwa, na tata akiimba wimbo wa kanisani, kwa raha, akirudia ubeti ule ule. Mzee hakufunga mlango wa gari. Aliingia ndani ya nyumba, mimi na Gichuki tukashuka, na wimbo ukakatika katikati ya neno. Sikusikia akipaza sauti. Alitoka ameikumbatia mashine peke yake, ile ambayo mimi na tata tuliinua kwa kusaidiana, sweta nusu bado ikining'inia kwenye sindano zake, akaiweka chini nyuma ya gurudumu, akapanda gari, akarudi nyuma. Akaenda mbele. Akarudi nyuma tena. Injini yangu haikusikika hata kidogo. Tulichosikia ni chuma kikivunjika, kipande kwa kipande, na kuku wakikimbia. Kisha akateremsha kioo, akamwambia mke wake, "Mashine imetangulia. Wewe ukitaka kufuata, gate ndio hiyo."

Tata alikuwa amesimama mlangoni na kipande cha uzi wa maruni kimezunguka kidole. Hakulia. Alitazama gari kwa muda mrefu, akatazama ile boneti ilivyotulia, na hapo akanigeukia mimi. "Umetengeneza vizuri, Muthoni," akasema. Akaingia jikoni. Baada ya hapo hakuniongelesha kwa wiki nyingi isipokuwa kuniambia chakula kiko tayari. Nimetukanwa na wanaume katika gereji tatu na kinu kimoja, kwa lugha zote za mlimani, na hakuna tusi lililowahi kunikaa kama sifa ile. Watu wa kanisa letu wanapenda kuambiwa kwamba mtu aliomba msamaha. Sikuomba, na sikuwa na la kuomba. Niliambiwa nifunge injini nikafunga injini, na nikaifunga vizuri kuliko mtu yeyote kati ya Nyeri na Nanyuki. Lakini nilianza kuichukia kazi yangu nzuri, kila usiku nikikaa macho nikisikiliza barabara, nisisikie kitu, kisha mlango.

Maana baada ya siku ile nyumba haikuwa na dakika ya kupumua. Mzee alikuja saa nne, alikuja saa saba, alikuja akakaa langoni ndani ya gari akitutazama kupitia dirisha mpaka mtu ageuke amwone. Mama wa kioski alifunga duka lake akahamia Kamakwa. Nduta alianza kukojoa kitandani. Tata alikaa kwenye jiko la nje, mikono mapajani, bila kazi, na mikono ile isiyofanya kitu ilinitisha kuliko uso wa Mzee.

Aliyetupatia dawa ni Gichuki. Aliona mabaki ya mashine siku ile, akaondoka kwa miguu bila kuaga, na nilidhani hayamhusu. Kumbe aliyapeleka yale aliyoyaona mahali ambapo mdomo wake ulifanya kazi vizuri, kwenye bucha walikokusanyika wenye mbao na wenye malori. Huko alisema, kwa huzuni kubwa, kwamba V8 ya Kariithi siku hizi inalia kama cherehani. Ilitosha. Ndani ya mwezi kila Mzee alipoegesha, kuna aliyemuuliza kama amekuja kupima suti. Vijana wa stendi wakakanyaga pedeli za hewani kwa miguu alipopita. Mwenye lori mmoja alimpita kwenye mlima wa Chania akapiga honi, akatoa kichwa nje, akamuuliza kama anaweza kumshonea begi la mtoto. Mzee alikuwa anaweza kuvumilia kuchukiwa. Hilo alikuwa amelifanyia mazoezi. Kuchekwa hakujua.

Alikuja gereji akasimama mbele yetu, mikono nyuma. "Mnifanyie hiyo kitu ilie," akasema.

Gichuki akajifuta mikono bila haraka. "Ilie namna gani, Mzee?"

"Ilie kama gari ya mwanaume."

Gichuki akanitazama, akaniuliza kitaalamu kabisa kama jambo hilo linawezekana. Nikasema linawezekana. Nikamweleza Mzee, kwa sauti ya cheti changu, kwamba injini hii inabanwa pumzi na sailensa, yale makopo ya kuzima sauti kwenye bomba la moshi, hasa huku kwetu juu ambako hewa ni nyepesi, na tukiikata yote, bomba likatoka moja kwa moja, itapata nguvu na sauti. Nikaongeza kwamba mtu akija kurudisha sailensa baadaye, kompyuta itachanganyikiwa na injini itakufa. Hilo la mwisho lilikuwa uongo mtupu. Nililala chini ya gari nikiwa na msumeno, nikakata sailensa ya kwanza na ya pili, na sijawahi kukata chuma kwa furaha kama ile. Kisha nikazifungua nyaya zangu zote nzuri, nikazifunga upya kwa njia ambayo ni mimi tu ningeweza kuifuata, ili asipate fundi wa kumdanganya vingine. Tulipoiwasha, mabati ya jirani yalilia. Gichuki alicheka hadi akakaa chini. Mzee alisikiliza, uso umemlegea kwa kuridhika, akakanyaga mafuta mara mbili, akaondoka bila kutushukuru.

Sikuwepo nyumbani jioni hiyo alipofika mara ya kwanza, lakini Nduta alinieleza. Walikuwa jikoni. Sauti ilitoka mbali, mbali kuliko zamani, huenda kutoka kituo cha mafuta, na tata akainua kichwa. Alisikiliza likipanda, likipita stadium, likikaribia, na muda wote huo hakuwa na kitu cha kuficha. Akachukua kitunguu hata hivyo, akakikata. Wiki iliyofuata alikuja kitandani kwangu mchana, akaniuliza kama naweza kumtengenezea sindano mbili za kufumia kwa spoku za baiskeli. Nilizinoa kwa jiwe na kuzisugua kwa majivu mpaka zikawa laini. Uzi na sindano vilitosha chini ya mto wa kiti. Ilimchukua siku nyingi kumaliza sweta moja ambayo mashine ingeimaliza mchana mmoja, na alianza na ile ya maruni. Mwisho wa mwaka nilipata kazi Mwea nikaondoka. Alinisindikiza hadi stendi, akanipa sweta aliyonifumia, na hatukuzungumza juu ya injini wakati huo wala miaka yote iliyofuata.

Asubuhi ya mazishi nililikuta gari chini ya banda, mbele ya veranda, kuku wametaga kwenye kiti cha nyuma. Nilitia betri mpya, nikamwaga petroli iliyooza, nikafungua kile kisanduku. Nyaya zilikuwa kama nilivyoziacha, na mikono yangu ilizifuata yenyewe, kwa hasira ile ile. Waombolezaji walikuwa wamejaa uwanjani wakingoja maombi ya kwanza kabla msafara haujakwenda mochari. Tata alikuwa ameketi verandani kati ya wanawake wa kanisa. Macho yake yameingia ukungu siku hizi, lakini mikono bado inaona, na alikuwa akifuma kofia ya mtoto kwa zile spoku mbili. Wanawake wale walikuwa wamejaribu kumwambia siku kama hiyo mjane hafumi, akawa hawasikii. Nikaketi kwenye usukani wa kushoto, uso wangu ukielekea kwake, nikageuza ufunguo.

Liliwaka nilipougeuza mara ya pili. Sauti ilijaza boma lote, watoto wakaziba masikio, wazee wakapiga makofi. Na kupitia kioo nikamwona tata akisukuma kofia, uzi na sindano chini ya mto wa kiti, kwa mkono mmoja, haraka kuliko ninavyoweza kusema. Akasugua viganja vyake kimoja kwa kingine kama mwenye kitunguu. Akanyoosha mgongo, akageuza uso kuelekea langoni, akangoja. Wanawake wa kanisa hawakuona kitu. Nduta, aliyekuwa amesimama na sinia ya chai, aliona, akaiweka sinia sakafuni.

Nilizima gari, nikapanda verandani, nikachuchumaa mbele yake.

"Ni wewe, Muthoni?"

"Ni mimi, tata."

"Nilifikiri ni yeye."

"Yeye ako mochari, tata. Hatakuja."

Akaingiza mkono chini ya mto, akavuta kofia, akatafuta kwa vidole mahali alipoachia, akapata. Mchungaji alikuwa amekaribia na Biblia yake, akainama akamwambia kwa upole kwamba sasa ni wakati wa maombi. Tata hakumgeukia.

"Rudi uwashe," akaniambia. "Mimi sijawahi kufuma hiyo kitu ikiwaka. Nataka kufuma ikiwaka."

Nikarudi kwenye gari, nikawasha, nikakanyaga mafuta hadi mabati ya banda yakatetemeka. Mchungaji akafunga Biblia juu ya kidole chake, akangoja, na tata akafuma.